Kisima Kabla ya Nyumba

Ukitaka kumharibia mtu furaha ya nyumba aliyoinunua, mwalike Fundi aje kuiona. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuja kwa adabu zote: ameoga, amevaa kofia yake ya kufuma, anapiga hodi, anaitikia karibu, anakataa kiti. Halafu anaanza kugonga kuta kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko. Anasikiliza, anasogea hatua moja, anagonga tena. Akifika mahali sauti ikabadilika, anamgeukia mwenye nyumba kwa huruma ya kweli kabisa na kumwambia, "Hapa pana uongo."

Uongo lilikuwa neno lake la kazi. Tofali lililoiva nusu likafichwa katikati ya mazima, saruji iliyobaniwa, nondo iliyotakiwa iwepo ikakosekana, vyote hivyo aliviita uongo. Plasta aliiita kiapo cha uongo. Sikuwahi kumsikia akimsengenya mtu, lakini kuta za watu alizisema mpaka nikaona haya kwa niaba yao.

Tulikaa uwanja mmoja Kitangari miaka kumi na moja, wote wapangaji. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi na nilikuwa na chumba kimoja. Yeye na mkewe, Mama Rehema, walikuwa na viwili, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, Mama Rehema aliniombea afya kutoka upande wa pili. Rehema mwenyewe alikuwa ameshaolewa Nachingwea. Hakuna aliyemwita Fundi kwa jina alilopewa na wazazi wake, hata mkewe. Alikuwa fundi mwashi, na sidhani kama kuna kijiji kati ya Newala na Masasi kisicho na nyumba aliyoisimamisha yeye. Yake hakuwa nayo. Watu husema mganga hajigangi, nami nilimwambia hivyo mara tu tulipozoeana. Alicheka, akasema mganga huyu bado anachimba dawa. Nikaona ni jibu zuri. Sikujua kwamba atachimba mpaka mimi nihamishwe kituo cha kazi.

Kununua nyumba iliyokwisha kujengwa aliona ni aibu ya mwanamume, na kwa fundi ni aibu mara mbili. "Nyumba ya kununua ni mtumba," alisema. "Hujui aliyeivua aliivua kwa nini."

"Fundi," nikamwambia, "hilo shati ulilovaa ni la mtumba, na kola yake ni nzuri kuliko yangu."

Akaipapasa kola. "Shati haliniangukii nikiwa nimelala."

Siku zote alikuwa na jibu. Ndiyo taabu ya kubishana na mtu anayeshinda juu ya jukwaa la kujengea peke yake: majibu anayatengeneza huko huko, anashuka nayo yameshakauka.

Kwa Mama Rehema, jambo halikuwa mtumba wala mpya. Alitaka nyumba ambamo hakuna mtu angeweza kumtoa. Huku kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Mwanamume akifa, wanaokuja kuulizia mali yake ni wapwa, watoto wa dada zake. Serikali ina sheria yake na msikiti una mafundisho yake, lakini wapwa wana miguu na hufika kabla ya wote. Mama Rehema alikuwa ameshuhudia wajane wa rika lake wakikunja mikeka mara arobaini ya msiba ilipokwisha, wakirudi kwa kaka zao na sufuria kichwani. Na Fundi alichagua kujenga wapi? Katika ardhi ya wajomba zake, nje kidogo ya Kitangari, mahali ambapo hata mpapai una mwenyewe ndani ya ukoo.

"Unawajengea wapwa zako," Mama Rehema alimwambia asubuhi moja, mimi nikiwa nafua hapo hapo uwanjani. "Siku ukiondoka, mimi utaniachia nini?"

"Nikishajenga, nani atathubutu?"

"Ukishajenga lini?"

Fundi alichukua timazi lake la kupimia kuta, akaondoka. Hilo lilikuwa swali pekee ambalo hakulitengenezea jibu juu ya jukwaa. Mama Rehema alinigeukia, povu la sabuni yangu likimrukia miguuni, akasema, "Mwenzako nimeolewa na msingi, Mwalimu." Alisema kwa kucheka, lakini niliona alivyoivuta kanga yake, nami nilimkasirikia yule mzee siku nzima darasani.

Sasa nieleze habari ya kisima, maana bila kisima hamtanielewa.

Sisi wa juu ya uwanda tuna ardhi nzuri, tuna hewa, tuna mikorosho. Maji hatuna. Maji yako bondeni, na njia ya kuyafuata inateremka vizuri sana. Ni kupanda ndiko kunakojua umri wa mtu. Ndiyo maana anayepata uwezo wa kuezeka bati huchimba kisima kando ya nyumba, akakisakafia ndani kwa saruji, akavuna maji ya mvua kutoka kwenye bati, na maji hayo yakamvusha nusu ya kiangazi. Kila mtu anajua mpangilio wake: kuta, bati, mfereji wa bati, kisima. Mtoto wa darasa la pili anaujua.

Fundi aliugeuza. Hoja yake ilikuwa hivi: ujenzi unakula maji. Udongo unataka maji, matofali yanataka maji, zege linataka maji. Ukijenga masika, maji yapo lakini matofali hayakauki. Ukijenga kiangazi, matofali yanakauka lakini maji hakuna. Basi dawa ni kuwa na maji yako mwenyewe kwanza, na nyumba ifuate. Ukiisikiliza hoja hiyo ukiwa umekaa, na kikombe cha chai mkononi, inaingia akilini. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe.

Alichimba kiangazi kizima. Kikawa kisima kizuri, sina budi kusema kweli. Mviringo wake haukuwa na kosa, na ndani alikisugua mpaka kikawa laini kama bakuli. Watu walitoka hata Newala mjini kuja kuchungulia. Ila saruji mbichi haiachwi ikauke yenyewe. Inanyweshwa maji asubuhi na jioni mpaka ikomae, la sivyo inapasuka. Maji hayo yakatoka wapi? Bondeni. Akayateka nani? Mama Rehema alishuka na ndoo, akapanda na ndoo, wiki baada ya wiki, kunywesha kisima cha kumpumzisha kuteka maji.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Fundi pale shimoni, yeye yuko chini, mimi juu. "Fundi, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu."

"Hivi unaona anachokifanya mkeo?"

"Namwona. Anasaidia."

"Anakitekea maji kisima!"

Akafikiri. "Ni kwa muda tu," akasema, "kisima kikishakomaa kitamlipa."

Kikakomaa. Akakifunika kwa zege ili watoto wasitumbukie, akaacha tundu dogo la kuingizia maji yatakayotoka kwenye bati. Bati la nyumba ambayo haijajengwa. Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja kubwa. Tulisimama barazani watatu, mimi, yeye na Mama Rehema, tukiitazama inavyomwagika na kuteremka zake bondeni. Kesho yake Fundi aliegesha vipande viwili vya bati kuukuu juu ya vijiti, akavielekeza tunduni, akapata ndoo moja na nusu na chura. "Haba na haba hujaza kibaba," akatuambia. Mama Rehema alisema kibaba chenyewe alikishusha na kukipandisha yeye mgongo ukiuma, akaingia ndani kupika.

Baada ya hapo nyumba yenyewe ilianza, kama kuanza ni neno lake. Aliinua ukuta, akaushusha kwa sababu umetoka kwenye kamba kwa unene wa kidole. Akauinua tena. Nyumba ya mtu mwingine aliimaliza kwa msimu mmoja. Yake ilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ikakaa hapo kama mtu aliyesimama kusikiliza kitu. Majani yakaota sebuleni. Mama Rehema hakuvumilia kuona ardhi imekaa bure, akapanda mbaazi chumbani na muhogo ukumbini. Nikimkuta sokoni aliniambia, "Mwalimu, mwaka huu sebuleni pamekubali kweli," tunacheka mpaka watu wanatugeukia.

Mwaka ambao korosho zililipa vizuri, Mama Rehema alijitosa. Mikorosho ilikuwa ya mama yake, ameachiwa yeye, na alichokipata alikuwa na haki nacho. Akamtafuta dalali, dalali akapata nyumba Newala, nyumba ya muuguzi mstaafu aliyekuwa akihamia kwa watoto wake. Fundi alikubali kwenda kuitazama. Nilishangaa, nikadhani amechoka kubisha. Tulikwenda wote. Nyumba ilikuwa safi, ina kisima chenye maji ndani yake, ina mlimau. Mama Rehema aligusa kila kitasa. Fundi aligonga ukuta mmoja tu, akatabasamu.

"Hii nimeijenga mimi," akasema.

Yule muuguzi akafurahi mno. "Si ndiyo! Ndiyo maana nilimwambia dalali kwamba ninyi mtaipenda."

"Ndiyo maana siitaki," Fundi akasema. Kisha, kwa upole wake ule ule, akaeleza. Upande wa nyuma nondo zilimwishia. Mwenye nyumba alikuwa safarini, mvua ilikuwa inakaribia, naye alikuwa na miadi ya kazi nyingine. Akamwaga zege bila nondo, akapiga plasta. "Pale pana uongo wangu," akasema, akielekeza kwa kidevu.

"Miaka yote hii?" muuguzi akauliza.

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia."

Dalali alichuchumaa chini akashika kichwa. Mama Rehema alitoka nje akasimama kwenye mlimau. Kiangazi kilichofuata Fundi alikwenda Newala, akaubomoa ule ukuta wa nyuma na kuujenga upya bila kudai kitu, mwezi mzima, na yake imesimama kwenye lenta ikiota muhogo. Niambieni mtu kama huyo unamfanyaje. Ukimlaumu unalaumu uaminifu. Ukimsifu unamsaliti mkewe.

Na hivyo ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu. Vikongwe wa Kitangari aliwatengenezea majiko ya udongo bure, akawazibia nyufa, akawainulia vizingiti ili maji yasiingie. Hakuondoka kwenye nyumba ya mtu kabla ya kufagia. Mama Rehema alipikia chini ya kibanda cha makuti kinachovuja, na alipomwomba akitengeneze, jibu lilikuwa, "Tunahama hivi karibuni, ya nini kuhangaika?"

Kisha mimi nikahamishiwa Masasi, na nikafanya dhambi. Nilinunua nyumba Lisekese, imekwisha, ina milango na rangi ya kijani. Nilihesabu kwamba mwalimu mwanamke aliye peke yake, mwenye madaftari ya kusahihisha, hana muda wa kusimamia mafundi wala kulinda mifuko ya saruji. Bado nahesabu hivyo. Nikawaalika, nikachinja kuku. Fundi alifika na bodaboda, timazi lake amelifunga kwenye kitambaa. Alilining'iniza katika kila kona ya nyumba yangu, akifumba jicho moja. Mama Rehema akanong'ona, "Fundi, acha basi, tumealikwa kula."

"Hii imejengwa na mtu mwenye njaa," akatangaza.

"Njaa gani?"

"Alikuwa anawahi kula. Tazama kona hii."

Nikaitazama. Sikuona kitu, na mpaka leo sioni kitu. Alimla kuku wangu huku macho yako kwenye kona. Mvua za kwanza nilizipokea nimesimama mlangoni na mkoba wa vyeti vyangu mkononi, tayari kukimbia. Nyumba haikuanguka. Haijaanguka. Lakini kila aliponipigia simu, baada ya salamu tu aliuliza, "Ile bado imesimama?" Nikimjibu imesimama, anasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa asiye na matumaini.

Kiharusi kilimkuta Chiwata, akiwa anajenga nyumba ya mtu. Mwiko ulimdondoka, akainama kuuokota, mkono ukakataa. Alirudishwa Kitangari akiwa upande wa kulia hauna nguvu. Mwaka huo huo watoto wa mwenye nyumba wetu wa zamani wakautaka uwanja wao, na Mama Rehema akajikuta ana mgonjwa, ana mizigo, na ana nyumba ya ndoto yenye muhogo ukumbini.

Safari hii hakumuuliza mtu. Palikuwa na familia ya hapo Kitangari inayohamia Masasi, inauza nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, fupi, bati lina kutu, ukuta mmoja wa chumbani umepinda kwa ndani. Akainunua kwa korosho za mikorosho ya mama yake. Nilimsindikiza kwa mtendaji wa kijiji kuandikishana. Mtendaji aliuliza jina la mnunuzi, akategemea kusikia la mume. Mama Rehema akataja lake, na akaniambia niangalie liandikwe kwa herufi kubwa. Fundi akabebwa, akaingizwa katika nyumba ya mtumba.

Nilikwenda kuwatazama likizo ya Juni iliyopita. Nilimkuta Mama Rehema nje, anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Tukasalimiana, nikamuuliza hali ya mgonjwa, akaanza kunijibu vizuri, kisha ghafla akaweka kisu chini.

"Nimechoka naye, Mwalimu. Si ugonjwa. Ugonjwa ni wa Mungu." Akanieleza. Ule ukuta uliopinda ulikuwa na ufa, mpana wa kuingiza vidole viwili, pembeni mwa kitanda cha Fundi mwenyewe. Upepo unamwingilia. Alimwomba amwelekeze tu namna ya kuchanganya udongo, yeye ataziba. Fundi akageuza uso. Akamwomba amtajie fundi mwenzake wa kumwita. Akakataa. "Vikongwe wote wa Kitangari wamepikia majiko yake. Mimi hata ufa? Hata maneno? Kwa sababu nimenunua. Ananiadhibu kwa sababu nimenunua." Akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na udongo wa ming'oko.

Niliingia ndani nimeiva. Alikuwa ameegemezwa mito, ndevu zimekuwa nyeupe, kofia ile ile. Nikampa shikamoo yake kwa sababu ni haki yake, akaitikia kwa ulimi mzito lakini unaoeleweka.

"Umeuona huo ukuta?" akaniuliza. "Aliyejenga huu alikuwa na kengeza."

Hapo nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nimemheshimu miaka mingi kuliko alivyostahili. Nilimwambia mkewe ameteka maji ya kisima kisicho na nyumba, amelima sebuleni, amezeeka akisubiri bati, na sasa amejipatia pa kulala, yeye anashindwa kumpa neno moja la ufundi wake, neno ambalo angempa mpita njia. Nilimwambia kiburi chake kitamuua kabla ya kiharusi. Sauti ilinipanda, na sioni haya, nilikuwa nimeibeba kwa miaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yako ukutani.

"Umemaliza?" akasema. "Una kalamu?"

Mwalimu hakosi kalamu. Nikatoa na daftari.

"Andika. Nyumba ninayolala si yangu. Hela yangu haimo."

Nikamtazama.

"Andika, Mwalimu. Sikuijenga. Sikuikarabati. Mwiko wangu haujagusa ukuta wake, na hakuna fundi aliyegusa kwa maneno yangu. Mke wangu amenikaribisha."

"Fundi, karatasi ya kununua ipo. Jina ni lake. Nilikuwepo."

"Wapwa zangu watasema hela ilikuwa ya mjomba. Hilo mtendaji atawajibu." Alipumzika, akameza mate. "Lakini mimi nimekuwa mpwa. Najua wanavyoanza. Mjomba wetu alipofariki, tulikwenda kwa mkewe. Nyumba ilikuwa ya mama mzazi wa huyo mke, kila mtu anajua. Tukamwambia, ukuta huu mjomba aliusiriba kwa mkono wake. Mlango huu aliutia yeye. Tukahesabu kila alichogusa. Mimi nilikuwa kijana, ndiye niliyejua kung'oa mlango. Yule mama alitushikia taa ili tuone misumari."

Kalamu ilikuwa imesimama.

"Ile ya shambani wachukue, ni ardhi yao," akasema. "Hii wakija, wasikute kidole changu. Hata ufa. Umeandika ufa?"

Nikaandika ufa. Nikamsomea, akanirekebisha mahali pamoja, nikapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba lake la kushoto, akagandamiza. Nikamuuliza kwa nini asimwambie mkewe, mwanamke analia hapo nje akidhani anachukiwa. Akasema akimwambia, Mama Rehema atamwona anajichuria kifo, na atamlazimisha ashike mwiko kwa mkono wa kushoto ili tu kumwonyesha kwamba atapona. Inawezekana alikuwa sahihi. Inawezekana pia alikuwa yule yule wa siku zote, mwenye hoja inayoingia akilini na mwanamke anayeilipia. Nilikunja karatasi nikaitia mkobani, niipeleke kwa mtendaji ikagongwe mhuri, na nilikuwa bado nimemkasirikia, ila sikujua tena kwa lipi.

Mama Rehema akaingia. Alikuwa amebeba karai la udongo na kopo la maji. Hakututazama. Alipiga magoti pembeni mwa kitanda, akamimina maji kwenye udongo, akaanza kuchanganya kwa mikono. Hata mimi, ambaye sijawahi kujenga hata banda la kuku, niliona maji yamezidi.

Fundi aliona. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto, mdomo ukafunguka, shingo ikamsimama mishipa. Nikamwona anavyolishika lile neno. Akaufumba mdomo, akarudisha kichwa chini.

Mama Rehema alijaza ufa kwa viganja. Udongo ukateremka, akaupandisha, ukateremka, akaupandisha tena, akasugua, akaacha alama za vidole vyake vyote. Alipomaliza alikaa juu ya visigino, akavuta pumzi, akamgeukia kwa mara ya kwanza.

"Haya, Fundi. Sema. Si unataka kusema? Ni sawa au si sawa?"

Aliutazama ukuta muda mrefu.

"Mimi sijui," akasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Mama Rehema alibaki amekaa vile vile, mikono inamchuruzika udongo mapajani. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, umemsikia?"

"Nimemsikia," nikasema.